Kisanduku Chenye Taa: Mwongozo wa Kumiliki Intaneti Bila Kuijua

Nyumbani kwetu Gitega, kisanduku cha intaneti kina heshima kuliko mimi. Kinakaa juu ya kabati la vyombo vya wageni, kati ya picha ya arusi na maua ya plastiki, kimevikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kazi ya mikono ya mama mkwe. Usiku taa zake hupenya kwenye matundu ya kitambaa, kijani hapa, bluu pale, mgeni akadhani tumesahau kuondoa mapambo ya sikukuu. Kila Ijumaa kinafutwa vumbi. Hakiguswi, hakisogezwi, na kwa muda mrefu hakuna hata mmoja wetu aliyejua kinafanya kazi gani.

Maisha hayo ni matamu, na nimeona uchoyo kuyafaidi peke yangu. Huu basi ni mwongozo kwa wenye nyumba wa Gitega na Muyinga wanaopenda kulipia kitu kila mwezi bila kukielewa.

Kanuni ya kwanza: kila kitu kiite intaneti. Video ikikwama, sema intaneti hakuna. Umeme wa Regideso ukikatika, intaneti hakuna. Mega zikiisha, simu ikijaa picha za arusi ya binamu, mtoto akichomoa chaja kwa teke: intaneti hakuna. Tunalo na neno jingine linalobeba mzigo huohuo, rezo, tulilolichukua kwa Wafaransa, nalo halijawahi kulalamika uzito. Jihadhari na mtu anayetenganisha mambo. Leo atatenganisha, kesho atajua kosa liko wapi, na mtu anayejua kosa liko wapi hukuta mara nyingi liko sebuleni kwake.

Kwa wale wachache wenye udadisi, nitasema haraka haraka, tena kwa sauti ya chini. Ndani ya kile kisanduku wanakaa wafanyakazi watatu.

Wa kwanza ni modemu, na kazi yake ni ukalimani. Simu na kompyuta zinazungumza kwa tarakimu, sifuri na moja, lakini tarakimu hazitembei angani zenyewe. Modemu huzigeuza ziwe mawimbi yanayoweza kusafiri, na mawimbi yanayoingia huyarudisha kuwa tarakimu. Kwa wengi wetu mawimbi hayo hutoka kwenye mnara wa simu, na ndiyo maana kisanduku kina tundu la laini kama simu yoyote. Kwa aliyevutiwa fiba, kinachoingia ndani ni mwanga katika uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na mkalimani wake ni kijisanduku cheupe kinachotundikwa ukutani, kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Uzi huo hautaki kukunjwa. Ukiukunja vizuri, ukaupigilia msumari wa U ili upendeze, mwanga utatokea kwenye kona na kupotelea hukohuko.

Wa pili ni ruta, karani wa mlangoni. Fikiria nyumba ya wapangaji wengi yenye anwani moja. Barua zote zinakuja kwa jina la mwenye nyumba, na karani ndiye anayejua hii ni ya chumba cha nyuma, ile ni ya yule kijana anayetazama mpira. Ruta hugawa namba za ndani kwa kila simu inayoingia, mara nyingi zinazoanza na 192.168, na namba hizohizo zinatumika kwangu Gitega, kwa shemeji yangu Muyinga na kwa mtu asiyetujua kule Osaka, bila ugomvi, kwa sababu hazitoki nje ya uzio. Zilitengwa hivyo kwa makusudi, maana namba za nje za mtindo wa zamani ni kama bilioni 4.3 tu, na zilishakuwa haba.

Wa tatu ni waifai. Huyu ni mtangazaji wa redio mwenye sauti ndogo, ambaye matangazo yake yanaishia kwa jirani. Hana zaidi. Yeye hana intaneti. Anatangaza kile alichopewa na karani, na karani anatoa alichopewa na mkalimani. Ndiyo maana simu yaweza kuonyesha waifai imejaa pomoni huku hakuna hata ujumbe mmoja unaotoka. Mtangazaji yupo studio, kipaza sauti kiko wazi, habari hazijafika.

Nimeshasema mengi. Turudi kwenye ujinga wetu.

Kanuni ya pili: kifiche. Hapa mwalimu wangu ni shemeji, mfanyabiashara wa mchele pale Muyinga, na sijaona aliyemzidi. Alinunua kisanduku chake, akaweka laini, akalipia mwezi mzima. Kwa wiki tatu mfululizo simu yangu haikupumzika.

"Shemeji, hawa watu ni wezi! Nikikaa mlangoni, hakuna. Nikikaa uani, hakuna. Chumbani ndiyo naona kidogo, tena mpaka nilale."

Kampuni siitaji, maana baadaye ilionekana haikuwa na dhambi. Sikukuu ya Idi tukapanda gari, tukapita Karuzi, tukafika. Baada ya pilau nikamwomba anionyeshe kisanduku. Alinitazama kama nimemuuliza alikozika hela. Kisha akaufunga mlango wa sebule, akatoa ufunguo mfuko wa ndani wa koti, akaniongoza chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda na kuvuta sanduku la bati. Lile la shule ya bweni, jina lake bado limeandikwa kwa rangi nyeupe, na kufuli juu.

Ndani mlikuwa na hati ya kiwanja, cheti cha ndoa, vitenge vitatu ambavyo havijakunjuliwa, na juu ya vitenge, kisanduku cha intaneti, taa zinawaka. Waya wa umeme ulikuwa umepitishwa kwenye tundu alilolitoboa kwa msumari. Nilipokigusa kilikuwa cha moto kama chapati inayotoka kwenye kikaango.

"Wezi," akasema. "Na watoto."

Sasa, mawimbi ya redio hayapiti bati. Mwaka 1836 Mwingereza Michael Faraday alijenga chumba akakizungushia metali, akaingia na vipimo vyake huku umeme mkali ukipigwa kwa nje, na vipimo havikuona kitu. Shemeji alikuwa amemjengea mtangazaji wake chumba cha Faraday, akakitia na kufuli. Tena kisanduku kile kinahitaji mambo mawili kwa wakati mmoja: kiuone mnara, na kiwaone watu wa nyumbani. Mle ndani hakikuona mnara wala mtu. Ile kidogo aliyokuwa akiipata amelala kitandani ilikuwa inavuja kwenye kifuniko ambacho hakikukaa sawa.

Tukakitoa, tukakiweka dirishani, upande unaotazama mnara kilimani. Hazikupita dakika mbili simu zote za nyumba zikalia kwa pamoja, ujumbe wa wiki tatu, salamu za misiba iliyokwisha zikwa na za harusi zilizokwisha liwa. Shemeji alikaa kitako pale pale sakafuni akasoma.

Usikate tamaa kama huna sanduku la bati. Zipo njia nyingine za kumziba mdomo mtangazaji. Kiweke nyuma ya televisheni. Kiweke nyuma ya kioo kikubwa cha kujitazamia, maana mgongo wa kioo umepakwa metali. Kiweke kando ya friji, au chini kabisa sakafuni, kona ya mwisho, karibu na pipa la maji ya akiba. Maji hunywa mawimbi hayo kwa raha. Waifai ya kawaida hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo yanayotumika pia katika oveni za mikrowevu, na ukipasha chai huku unatazama mechi utashuhudia undugu wao. Visanduku vipya vina na masafa ya pili, gigahezi 5: yana mbio zaidi ila hayana ubavu wa kupita kuta. Kwa nyumba zetu za tofali za kuchoma, yenye 5 ni ya chumba kilekile, yenye 2.4 ni ya chumba cha pili na uani. Mtu akikuuliza kwa nini kwako kuna majina mawili ya waifai, jibu kwamba moja ni la wageni.

Jioni ile ya Idi, alipokwisha kusoma, shemeji alipata nguvu. Akaanza siasa.

"Lakini nyinyi watu wa mji mkuu," akasema, "mnajua intaneti mnayoitumia inaanza kwetu?"

Tangu Gitega ilipotangazwa kuwa makao makuu ya kisiasa, watu wa Muyinga wanatutafutia dosari, na hii alikuwa ameiweka akiba. Kwa haki, hakukosea sana. Burundi haina bahari. Mikongo ya baharini iliyofungua mlango wa Afrika Mashariki, Seacom mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, ilitua pwani, na Dar es Salaam ni mojawapo ya vituo vyake. Kutoka huko mkongo wa taifa wa Tanzania unavuka nchi nzima hadi Kabanga, na ng'ambo ya Kabanga ni Kobero, mpaka wa Muyinga, palepale malori yanapopanga foleni. Ndani ya Burundi unapokewa na mkongo wa Burundi Backbone System, BBS kwa wanaoujua, wenye zaidi ya kilomita 1,000 za fiba. Zipo na njia nyingine za kuingilia, lakini hiyo ndiyo aliyokuwa akiisimamia shemeji kana kwamba aliichimba yeye.

"Sisi tunakunywa chemchemi," akasema, "nyinyi mnakunywa mto."

Nikamfanyia hesabu. Mwanga ndani ya kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa kila kilomita 100 ya ziada, mtu wa mbali anachelewa nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hiyo ndiyo faida yote ya Muyinga juu ya Gitega, na hata kunguni hawezi kuitumia kwa lolote. Shemeji akasema hata nusu ni kitu.

Ila nilimkumbusha jambo ambalo analijua kuliko mimi. Umeme wa maporomoko ya Rusumo, mtambo wa megawati 80 unaogawanywa na Burundi, Rwanda na Tanzania, unakuja Gitega kwa nyaya zinazopita juu ya vilima vya Muyinga. Waulize wanaolima chini ya nguzo zile kama kupitiwa ndiko kuhudumiwa. Fiba nayo ni hivyohivyo. Inaweza kupita mbele ya geti lako, ndani ya mtaro uliochimbwa mbele ya macho yako, na wewe ukaendelea kutegemea mnara ambao unaugawana na mtaa mzima. Saa mbili usiku, kila mtu amekwisha kula na kuegemea mto, mnara uleule unagawa kilekile kwa midomo mingi. Saa kumi za usiku ni wako peke yako. Wanaosema intaneti "inaamka alfajiri" wanasema kweli bila kujua.

Na kuna siku kosa liko mbali kweli. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, Seacom na EASSy ziliharibika kwa mpigo chini ya bahari, upande wa kusini, na Afrika Mashariki ikapunguziwa pumzi. Siku ile kisanduku chako hakikuwa na kosa hata chembe. Nayo ndiyo siku uliyokizima na kukiwasha mara kumi na tano.

Wenye uwezo watakuambia hayo yote ni ya watu wa chini, wao wana dishi la Starlink, huduma iliyoingia Burundi mwaka 2024. Ni kweli, dishi haliijui Kobero. Linazungumza na setilaiti zilizo kilomita mia chache tu juu, si zile za televisheni zilizoko kilomita 35,786, na ndiyo maana maneno hayachelewi. Lakini nalo ni mkalimani tu mwenye shingo ndefu; ndani ya nyumba bado kuna karani na mtangazaji walewale. Linataka anga wazi, kwa hiyo liweke chini ya mparachichi. Na lina tumbo: kisanduku cha 4G kinaridhika na wati kumi hivi, dishi la kawaida linakula mara kadhaa ya hizo.

Tumefika kwenye umeme, na hapa sina haja ya kufundisha ujinga, Regideso imetupa mazoezi ya kutosha. Kanuni ni kwamba umeme ukikatika, kaa gizani ulaani kampuni ya simu. Usigeuze chaja ya kisanduku uisome. Ukiisoma utakuta imeandikwa, mara nyingi, volti 12, ampea 1, na utashawishika kufikiri. Utafikiri kwamba volti 12 ndiyo lugha ya betri za sola na za pikipiki. Utafikiri kwamba betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7, ile ya kubebwa kwa mkono mmoja, ina wati-saa 84, na kwamba kifaa cha wati 10 kingeendelea usiku karibu wote. Utamwendea fundi wa sola akufungie pamoja na kidhibiti chake, kwa sababu betri inayochajiwa hupita volti 12 na si kila kisanduku kinavumilia. Au utanunua kile kibetri cha akiba kilichotengenezwa kwa ajili ya ruta, chenye ukubwa wa kitabu. Halafu utabaki na nini cha kulalamikia kwenye kahawa? Tahadhari moja tu naitoa bila mzaha: mvua ikianza kunguruma juu ya vilima vyetu, chomoa vyote. Radi haijui heshima ya kabati.

Kuhusu mega, ninapendekeza zibaki zimechanganyika kama zilivyo. Mega tunazonunua ni megabaiti, kipimo cha ujazo, kama lita za maji. Mega za kwenye tangazo la kasi ni megabiti kwa sekunde, kipimo cha bomba linavyotiririsha. Baiti moja ni biti nane. Basi mtu mwenye kasi ya megabiti 10 akishusha filamu ya gigabaiti moja, atangoja dakika kumi na tatu na zaidi, ilhali yeye alijigawia mega elfu kwa kumi akapata sekunde mia moja. Hapo ndipo anapopiga simu kwa kampuni na kutukana. Msimkatishe, hasira nayo ni mazoezi.

Neno la siri. Chini ya kisanduku kuna karatasi iliyobandikwa kiwandani, ina jina la waifai na neno lake, na mara nyingi jina na neno la kuingilia ofisini kwa karani mwenyewe, ambalo kwenye visanduku vingi ni admin, kisha admin tena. Usibadilishe. Ni ukarimu. Kijana wa jirani akilijua, atakuwa na uwezo wa kubadilisha kila kitu, hata kukufungia wewe nje, na utaletewa intaneti yako kwa hisani yake. Sisi, mtaani Shatanya tulikokuwa tukikaa zamani, tulimpa mpangaji mmoja neno la siri. Kwa heshima. Mpangaji akampa shemeji yake, shemeji akampa fundi baiskeli, na ikafika wakati wateja wa kuziba pancha walikuwa wakisubiri kwa furaha kubwa chini ya dirisha letu. Kifurushi cha mwezi kiliisha Jumanne.

Kanuni ya mwisho ninayoikumbuka ni zima-washa. Kila nyumba ina mtaalamu wake wa zima-washa, kwa kawaida ana miaka kumi na miwili. Aibu ni kwamba dawa yake inaponya kweli, mara moja moja. Ruta ni kompyuta ndogo yenye kumbukumbu ndogo, ikikaa miezi inajaa mabaki. Ukiizima ukahesabu hadi thelathini, mabaki yanafutika, na mkalimani anaanza upya kujitambulisha kwa mnara. Mara moja inatosha. Ikishindikana mara ya pili, ugonjwa uko kwingine, na kisanduku kinakuwa kimekwisha kukuambia uko wapi.

Kinakuambia kwa taa. Taa ya umeme imezimika, ni chaja au Regideso. Taa ya mnara imegeuka nyekundu au imebaki kipande kimoja, ni mkalimani hasikii: sogeza dirishani. Kwenye kijisanduku cha fiba, ile iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, uzi umekatwa au umekunjwa mahali, mpigie fundi wala usizime kitu. Taa zote nzuri, waifai imejaa, na bado hakuna kitu: tazama salio kabla hujamtazama mtu vibaya. Hiyo ndiyo elimu yote. Nami niliipata siku niliporudi kutoka Muyinga, nikakivua kisanduku chetu kile kitambaa kwa mara ya kwanza.

Niseme kweli, kitambaa chenyewe hakizuii mawimbi. Pamba ni hewa tu mbele ya redio. Kinahifadhi joto, na kinafunika taa. Mke wangu alikubali kiondoke kwa masharti. Kisanduku sasa kiko dirishani, kimevuliwa, kinaonekana maskini kidogo, na watoto wanasoma taa zake kama saa ya ukutani.

Jumamosi mama mkwe anakuja kwa siku tatu. Kisanduku kitarudi kabatini, kitambaa kitarudi mahali pake. Mkinitafuta msinipate, msiilaumu kampuni.